Kwa mwendo wa watoto

Jumapili nilipowasilisha maono ya miaka mitano, kanisa zima lilisimama likapiga makofi. Nilikuwa nimefunga siku 10, nimeandika kurasa 14, na kijana wa mitambo alizipanga kwenye projekta zikapendeza. Ndani ya kurasa hizo kulikuwa na ibada ya pili ya vijana, vikundi vya nyumbani kila mtaa, darasa la viongozi na ratiba mpya ya wiki nzima. Kila nilipotua, watu waliitikia amina. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba safari hii Mungu ametupa watu walio tayari.

Miezi minane baadaye ibada ya pili ilikuwa na vijana 11, na sita kati yao ni wapiga vyombo. Vikundi vya nyumbani vilivyobaki hai vilikuwa viwili, kimoja sebuleni kwangu. Wazee wa kanisa walikuja vikaoni, wakakubali kila ajenda, wakaenda zao, na hakuna kilichofanyika. Nikaanza kuhubiri habari za wana wa Israeli waliotamani kurudi Misri. Wiki sita mfululizo. Nikizikumbuka wiki zile moyo unaniuma, maana nilisimama madhabahuni kuwachapa watu ambao sikuwa nimewauliza hata swali moja.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mzee. Ndiye aliyekuwa akiongoza maombi ya Jumatano jioni, akina mama kama 15 hivi, na walikuwa wamekutana miaka 19 bila kukatiza. Kwenye ratiba yangu mpya Jumatano ilikuwa siku ya vikundi vya nyumbani, kwa hiyo maombi yale niliyaondoa kwa mstari mmoja katika matangazo. Hakugomba. Alikuja ofisini, akaketi, akanyamaza kwa kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, mimi sina neno na vikundi vyako. Ila hukutuuliza yale maombi yalizaa nini."

Nikamwambia, "Basi niambie, mama." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mpiga kinanda wetu, aliyekuwa amezama kwenye pombe. Ndoa mbili zilizokuwa zimefika mahali pa kugawana vyombo. Mwenyekiti wa vijana niliyekuwa namtegemea kwa kila jambo, ambaye mama yake alimlilia pale kila Jumatano kwa miaka saba. Halafu akanitazama. Kabla sijatumwa kwenye kanisa lile, walikaa miezi 14 bila mchungaji, na akina mama wale waliomba kila wiki wapewe mtu. "Hata wewe, Mchungaji," akasema, "ni mtoto wa Jumatano."

Usiku ule niliisoma Mwanzo 33, sura niliyozoea kuipita nikikimbilia habari za Yusufu. Esau na Yakobo wamepatana baada ya miaka mingi, na Esau anataka waondoke pamoja. Ana watu 400. Yakobo anakataa kwa upole. Watoto bado ni wachanga, anasema, na kuna mifugo inayonyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Wewe tangulia, mimi nitafuata polepole, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yangu na kwa mwendo wa watoto. Najua Yakobo alikuwa pia na hofu zake kuhusu ndugu yake, na Seiri, nchi ya Esau, alikomwambia angefika, hakufika, aliishia Sukothi. Lakini maneno yale ni ya mtu anayelijua kundi lake. Anajua nani ananyonyesha. Anajua siku moja ya haraka itaua nini.

Mimi nilikuwa nimeongoza kwa mwendo wa Esau.

Kama wewe ni mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya au mwalimu wa shule ya Jumapili, na Mungu ameweka moyoni mwako picha ya mahali watu wako wanapopaswa kufika, naomba nikwambie nilichojifunza tangu usiku ule. Picha yako inaweza kuwa ya kweli kabisa, imetoka kwa Bwana, na bado ukaipoteza kwa sababu hujui waliobeba watoto ni akina nani.

Nilianza kwa kufunga mdomo. Kwa miezi mitatu sikutangaza mpango wowote. Nilichukua daftari nikaenda nyumba kwa nyumba, na kila nilipoketi niliuliza maswali mawili: ni lini ulimwona Mungu akitenda katika kanisa hili, na ni kitu gani unaogopa tutakipoteza. Swali la kwanza lilileta furaha. La pili ndilo lililoleta ukweli. Kuna mama mjane niliyekuwa nimemhesabu kati ya waliopoa, kwa sababu alihudhuria kikundi cha nyumbani mara mbili akaacha. Nilipomuuliza anaogopa nini, alitazama chini kwa muda mrefu. Anaishi chumba kimoja na watoto wanne. "Zamu yangu ikifika," akasema, "nitawakalisha wapi?" Kumbe hakupoa. Aliona aibu. Na nilipozunguka zaidi nikagundua mtaa ule kikundi kilikufa kwa aibu ya nyumba nne au tano za namna hiyo, na mimi madhabahuni nilikuwa nimeshawaita watu wa Misri. Tulibadilisha jambo moja tu: kikundi kikae nyumba moja wakati wote, bila zamu. Kikafufuka ndani ya mwezi.

Naomba usiupite upesi mfano huo. Mara nyingi tunachokiita upinzani dhidi ya maono ni jambo dogo la mwilini: mtu hana viti, hajui kusoma vizuri mbele za watu, anafanya kazi za zamu usiku, ana mgonjwa ndani ambaye hataki aonekane. Watu hawayasemi haya kikaoni. Kikaoni wanasema ndiyo. Utayasikia ukiwa umekaa kwao, na huenda si siku ya kwanza.

Nehemia alilijua hili. Alifika Yerusalemu mwaka 445 KK akiwa na barua za mfalme Artashasta na ruhusa ya kupata miti. Mamlaka yote anayo. Angeweza kukusanya watu asubuhi ya kwanza. Badala yake alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda, akazunguka kuukagua ukuta uliobomoka. Mahali fulani kifusi kilizidi hata mnyama hakupata njia. Hakumwambia mtu Mungu ametia nini moyoni mwake mpaka macho yake yalipoona. Ndipo akasema, mnaona hali hii mbaya tuliyo nayo. Tuliyo nayo! Mtu aliyetoka ikulu ya Shushani jana anasema "tuliyo nayo", na watu wanamwamini kwa kuwa alikwishakanyaga kifusi chao.

Tunapenda kusimulia kwamba ukuta ule ulimalizika kwa siku 52. Mimi sasa naipenda zaidi sura ya tano. Kazi imeshika kasi, maadui wako nje, na katikati ya yote kinatokea kilio: watu maskini wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao wanachukuliwa utumwani na ndugu zao wenyewe. Kiongozi mwenye haraka angesema tumalize ukuta kwanza. Nehemia anakasirika, anaitisha kusanyiko, anadai mashamba yarudishwe na riba ifutwe, na anawaapisha. Angeufikisha ukuta mwisho bila hilo, labda. Lakini ndani ya ukuta wangebaki watu gani?

Kuna watu wengine ambao hawahitaji viti wala nauli. Wanahitaji kulia. Hili lilinichukua muda kulielewa, kwa sababu mimi kwa asili ni mtu wa kutazama mbele, na machozi juu ya mambo yaliyopita niliyaona kama kukosa imani. Halafu nikakutana na Ezra 3. Hekalu la Sulemani lilibomolewa mwaka 586 KK. Waliorudi kutoka Babeli wanaweka msingi wa hekalu jipya; makuhani wana tarumbeta, wana wa Asafu wana matoazi, watu wanapiga kelele za shangwe. Na wazee walioiona nyumba ya kwanza kwa macho yao wanalia kwa sauti kuu. Biblia inasema watu hawakuweza kutofautisha sauti ya shangwe na sauti ya kilio, na ile kelele ilisikika mbali.

Angalia kwamba hakuna aliyewanyamazisha. Hata Hagai alipokuja mwaka 520 KK, kazi ikiwa imekwama miaka mingi, aliuliza wazi ni nani aliyebaki aliyeiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza, na je, hii mnayoiona sasa si kama si kitu machoni penu? Alilitaja jambo lenyewe. Kisha ndipo akawaambia wawe hodari wafanye kazi, kwa maana Bwana yu pamoja nao. Mpangilio huo una maana. Huzuni ilitajwa kwanza, ndipo wito ukatolewa.

Kwetu tuliirudisha Jumatano na vikundi tukavihamishia Ijumaa. Lakini kabla ya hapo tulifanya jioni moja ya shukrani kwa ajili ya miaka ile 19. Kila mwenye ushuhuda alisimama. Mpiga kinanda alisimama. Mimi nikaomba radhi mbele ya watu wote, bila kujieleza. Tulilia sana jioni ile, vijana na wazee, na kama ungepita nje usingejua ni kilio au ni shangwe. Baada ya hapo sikuhitaji kumsukuma mtu. Akina mama wale wale waliniuliza vijana wa ibada ya pili wanahitaji nini.

Sasa niseme jambo zito zaidi, nalo linahusu ahadi.

Watu wanapomwuliza kiongozi wa kiroho habari za kesho, mara nyingi wanauliza tarehe. Nitapona lini, nitaolewa lini, kazi itapatikana lini. Na moyo wa mchungaji unapenda kutoa tarehe, kwa kuwa unaona mtu anavyoteseka. Miaka ya mwanzo ya huduma yangu nilimwambia kijana mmoja, mbele ya kusanyiko, kwamba mwaka ule hautaisha kabla hajapata kazi. Watu walishangilia. Mwaka ukaisha. Akapotea kanisani, nami kwa kweli sikumtafuta, nilijipa shughuli. Tulipokutana barabarani baada ya muda, hakuwa amenikasirikia. Laiti angekasirika. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nadhani mimi ndiye niliyekosa imani." Nikamshika mkono palepale nikamwambia, hapana, mwanangu, mimi ndiye niliyesema neno ambalo sikutumwa. Alilia. Nilielewa siku ile kwamba nilimwacha na mizigo miwili: ukosefu wa kazi, na wazo kwamba Mungu amemkataa kwa sababu ya moyo wake.

Soma Yeremia 28 na 29 pamoja, usizitenganishe. Hanania anasimama hekaluni na kusema ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi na waliochukuliwa mateka watarudi. Anaivunja hata nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Na Yeremia anasema Amina, Bwana na afanye hivyo. Namwelewa; naye alitamani iwe kweli. Lakini neno alilopewa ni lingine, na barua anayowaandikia mateka Babeli inasema jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, utafuteni amani ya mji ule. Miaka 70. Ile ahadi tunayoipenda sana, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani na si ya mabaya, ili atupe tumaini siku za mwisho, inafuata mara tu baada ya hiyo miaka 70. Mtu wa miaka 40 aliyesikia barua ile ikisomwa alielewa kwamba yeye hatarudi. Tumaini lilikuwa la kweli, na lilimtaka apande miti ambayo mjukuu wake ataikuta imezaa.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza lini, najibu kwamba sijui. Halafu namwambia ninachokijua: kwamba Bwana hajamwacha, na kwamba Alhamisi nitafika kwake. Na Alhamisi nafika. Kama huwezi kufika Alhamisi, usiseme Alhamisi.

Kuhusu maombi ya kiongozi mwenyewe sitaandika mengi, maana kila mtu hukutana na Bwana kwa njia yake. Nitataja tu kwamba zamani niliombea mipango na sasa naombea majina. Daftari lile la miezi mitatu ndilo kitabu changu cha maombi mpaka leo.

Lililobaki ndilo lililonigharimu kuliko yote: kuwaachia wengine. Yule mwenyekiti wa vijana, mtoto mwingine wa Jumatano, nilimkabidhi ibada ya pili. Nilimwekea mikono, nikamtangaza. Kisha kila Jumamosi jioni nilimpigia simu kuuliza nyimbo gani, nani anasoma neno, nani anaomba. Mwezi wa tatu akaniuliza kwa heshima, "Mchungaji, naongoza ibada au natekeleza ratiba yako?" Niliacha kupiga simu. Jumapili iliyofuata ibada ilivurugika. Sifa zilichukua muda wote, mhubiri mgeni akapewa dakika saba, akaondoka kimya. Wazee wakanijia wakitaka nimwondoe.

Nilimkumbuka Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba safarini, akarudi Yerusalemu, na Paulo hakutaka kwenda naye tena. Wakashindana vikali hata wakatengana. Barnaba akamchukua yule aliyeshindwa, wakapanda chombo kwenda Kipro. Miaka baadaye Paulo yuleyule, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Katikati ya Matendo 15 na waraka ule kuna kazi ya Barnaba, ambaye kitabu cha Matendo hakimtaji tena baada ya Kipro. Mtu aliyekaa na Marko.

Basi sikumwondoa kijana wangu. Tulikwenda wote wawili kumwomba radhi yule mhubiri, kisha tukaketi kuangalia palipoharibika. Jumapili iliyofuata alisimama tena, akitetemeka.

Huwa namfikiria Musa pia. Katika Kumbukumbu la Torati 3 anamsihi Bwana amruhusu avuke aione nchi ile njema, na anaambiwa asiseme tena juu ya jambo hilo. Papo hapo anapewa kazi: mtie moyo Yoshua, umtie nguvu. Aliyenyimwa ndiye anayeambiwa amtie moyo atakayepewa. Sijui kama kuna utii mgumu kuliko huo katika uongozi, na kila kiongozi anayeishi siku za kutosha ataufikia mlango wake.

Mimi nimeufikia. Mwakani nastaafu, na kijana yule, ambaye sasa ni mchungaji na ana watoto wawili, ndiye anayepokea. Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu na daftari. Nilijua anachotaka, kwa kuwa vijana hawawezi kuficha mambo: vikundi vya nyumbani, vile nilivyovipigania, havifai tena kwa maisha ya watu ya sasa, na ana wazo lingine. Nilijiandaa kujitetea. Akafungua ukurasa mweupe akasema, "Baba, kabla hatujagusa vikundi, naomba uniambie vilizaa nini."

Tulikaa mpaka giza likaingia, nami nikasimulia. Niliposhindwa kuendelea alinisubiri. Aliandika kurasa tatu. Vikundi vitaondoka, hilo nimeliona katika mpango wake, na tarehe ya jioni ya shukrani ameshaiweka. Jumatano ameiacha palepale.